Barua za wasomaji: "Mama, mbona mzigo wa wakimbizi tunabeba sisi wa Kigoma?"

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu kuhusu Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Kigoma, nikasema nchi ikishaahidi kumlinda mtu aliyekimbia kwao basi imeahidi, haiwezi kuahidi mwaka wa mavuno mazuri halafu ikasahau mwaka wa njaa. Barua zilizokuja sikuzitegemea, nyingi mno, na zingine zina hasira kweli kweli. Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa kama wenyewe mlivyoomba, na zilizokuwa ndefu nimezipunguza kidogo.

Shikamoo mama. Mimi ni mkulima huku Kasulu, kijiji cha jirani na kambi. Nitasema ukweli usinichukie. Nyie watu wa Dar mnaandika huruma lakini kuni hamtafuti. Mke wangu zamani kuni alikuwa anaokota nyuma ya shamba, saivi anatoka asubuhi anarudi saa nane. Wenzetu wanapewa unga, maharage, mafuta, vyote bure, sisi mvua ikikataa hakuna anayekuja kutuuliza. Watoto wetu wamemaliza fomu foo wako vijiweni. Sasa hio ahadi unayoisema aliiweka nani, na mbona tunaibeba sisi? — Mkulima, Kasulu

Marahaba mwanangu, na sikuchukii hata kidogo. Ila mimi sio mtu wa Dar, nimehamia tu. Nimezaliwa Manyovu, mpakani kabisa, na Oktoba 1993 nilikuwa nyumbani kwetu pale Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa, tarehe 21, na siku chache baadae barabara ikajaa watu kuanzia alfajiri mpaka usiku, wengine miguu imevimba hawawezi hata kukunja goti. Kiha na Kirundi tunaelewana bila mkalimani kwa hiyo hakuna aliyeweza kujifanya hajasikia. Kwetu aliingia fundi mmoja wa kushona na mkewe na watoto watatu, begani kabeba kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye shuka, meza yake kaiacha huko. Mama yangu hakuwa na chakula cha watu wote wale, akaenda ndani akafungua gunia la mbegu. Maharage ya kupanda yale, mvua zimeshaanza. Baba alikuwa amesimama mlangoni, hakusema kitu mbele ya wageni, alisema usiku, na alisema sana. Mama akamwambia tutaazima. Na kweli tukaazima kwa jirani, madebe mawili kwa sharti la kurudisha matatu, halafu maharage ya msimu ule yakatoka mabaya na deni likavuka mpaka mwaka wa pili.

Kwa hiyo ukiniambia mzigo mnaubeba nyie, naujua huo mzigo kwa debe. Sitakwambia kuwa ni mwepesi.

Sasa ahadi aliiweka nani. Aliiweka nchi, kwa maandishi. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Muungano, Tanzania ilijiunga na mkataba wa Geneva wa wakimbizi wa 1951. Halafu Septemba 1969 wakuu wa Afrika wakakaa Addis Ababa wakaandika mkataba wetu wenyewe, kwa sababu ule wa Geneva uliandikwa ukiwa na watu wa Ulaya kichwani, watu waliokimbia vita kuu ya pili. Wa Geneva unamwangalia mtu mmoja mmoja, je anaogopa kuteswa kwa ajili ya kabila lake, dini yake, siasa zake. Wa Addis Ababa ukaongeza kwamba hata mtu anayekimbia uvamizi, kutawaliwa na wageni, au fujo kubwa zilizovuruga nchi yake, huyo nae ni mkimbizi. Ndo maana mkulima wa Kivu, mashariki ya Kongo, aliyekimbia mizinga hahitaji kutuonyesha barua ya vitisho yenye jina lake. Na mkataba huo ukasema jambo ambalo mimi nalipenda sana, kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, nchi alikotoka isilichukulie kuwa ni uchokozi.

Wala haikuwa maneno ya mkutanoni tu. Kabla ya hapo wenzetu wa Msumbiji walikuwa wameshajaa kusini wakikimbia Wareno, wapigania uhuru wakawa Kongwa, baadae vijana wa Afrika Kusini wakasomea Mazimbu pale Morogoro. Na nyuma zaidi, wakati wa vita kuu, Tengeru huko Arusha walikaa maelfu ya Wapolandi, wazungu wakimbizi, makaburi yao yapo mpaka leo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, ile inayotolewa kwa waliowahangaikia wakimbizi, na mimi naamini kabisa tuzo ile ilikuwa yake pamoja na akina mama waliofungua magunia ya mbegu, ila majina yao hayakuandikwa popote.

Lakini soma vizuri mkataba ule wa Addis Ababa, kuna kifungu watu wanakipita haraka. Kinasema nchi ikilemewa na wakimbizi inayo haki ya kuwaambia wenzake, na wenzake wanatakiwa kubeba nae. Hapa ndipo ahadi imevunjika mwanangu, na haijavunjwa na yule mama unayemwona na kidumu cha mafuta. Chakula cha kambini kinategemea michango ya nchi za nje, michango ikipungua mgao unakatwa, na umeshakatwa mara nyingi tu. Tanzania ilikubali mwaka 2016 kuingia kwenye mpango mpya wa kimataifa wa kugawana mzigo, Februari 2018 ikajitoa, sababu zilizotajwa ni usalama na fedha kutokuja. Hoja ya fedha naielewa, mtu akikuahidi atabeba upande mmoja wa jeneza halafu akaondoka njiani lazima ulalamike. Ila nani kaumia baada ya sisi kujitoa? Sio waliotuahidi fedha. Miaka ile ile masoko ya pamoja yakafungwa, yale uliyokuwa unaenda kuuza mihogo na mawese yako na wao wanakuuzia sabuni na nguo, na bila shaka unakumbuka mfuko wako ulivyokuwa kabla na baada.

Na hili la bure. Yule mtu hapewi bure kwa sababu ni kipenzi cha mtu, anapewa kwa sababu sheria yetu haimruhusu kutoka kambini bila kibali wala kufanya kazi bila kibali. Ukimfungia mtu mlango wa kujitafutia ni lazima umpelekee sahani, na ukimpelekea sahani nusu ataruka ukuta aje shambani kwako kuomba kibarua cha siku, wewe utamlipa kidogo kwa kuwa hana pa kushtaki, na kijana wako atakosa kibarua hicho hicho. Umeona mduara wenyewe. Fundi wetu wa 1993 alikaa kwetu wiki kama mbili kabla hajapelekwa kambini, akatengenezewa meza ya mbao na kaka yangu, akashona sare za shule za mtaa mzima. Alikuwa anajilisha. Kambini alikutana na kadi ya mgao.

Kuhusu kuni una haki kamili na usinyamaze. Misitu imeliwa, hilo linaonekana kwa macho, watu zaidi ya laki moja wakipikia kuni sehemu moja toka 1996 unategemea nini. Kinachotakiwa ni nishati nyingine ya kupikia kwa kambi na kwa vijiji vinavyoizunguka, vyote viwili. Nenda na wenzako kwenye mkutano wa kijiji, muandike, mpeleke halmashauri na kwa diwani, mseme fedha za mashirika zinapokuja wilayani kijiji chenu mwenyeji kiwemo kwenye bajeti, visima, zahanati, miche ya miti. Hilo ni dai halali. Dai la kumfukuza mama wa watu sitakuunga mkono.

Mama habari za kazi. Nasoma sheria Dodoma mwaka wa pili. Darasani tumebishana. Mmoja anasema serikali ikiona nchi yao imetulia inaweza kuwarudisha wote hata kwa nguvu, na kwamba wengi wao sio wakimbizi wanatafuta maisha tu. Ipi ni sahihi? — Mwanafunzi, Dodoma

Nzuri mwanangu. Mimi sio wakili ila nimeisoma mikataba hii kwa miaka mingi. Kumrudisha mtu kwenye hatari ya uhai wake au uhuru wake hairuhusiwi, kifungu cha 33 cha mkataba wa Geneva, na wa Addis Ababa unasema hata kumkatalia pale pale mpakani ni kosa hilo hilo. Kurudi kunatakiwa kuwa kwa hiari ya mtu, hilo lina kifungu chake peke yake, cha 5. Hadhi ya ukimbizi inaweza kufika mwisho ndio, kama kwa Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na 1998 ambao Umoja wa Mataifa ulipendekeza hadhi yao ifikie ukomo Juni 2013, lakini hata hapo mwenye sababu bado anatakiwa kusikilizwa yeye kama yeye.

Na msiishie kwenye vitabu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Wanyarwanda kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, siku moja mwanangu, Ngara ikawapokea. Machi 1995 tukafunga mpaka. Desemba 1996 wakaambiwa ikifika mwisho wa mwezi wote wawe wamerudi, karibu nusu milioni, wengine wakaanza kutembea kuelekea ndani ya nchi kwa woga, wakageuzwa na askari. Kulikuwa na wauaji katikati yao, hilo ni kweli na lilitutesa, lakini wauaji walitakiwa kuchujwa na kushtakiwa, mtoto wa miaka mitatu hakuwa muuaji. Nilikuwa naipenda nchi yangu siku ile na naipenda leo, na bado nasema ile haikuwa hiari.

Hilo la kutafuta maisha, ngoja nikwambie nilichokiona. Mei 2015 Warundi walijazana Kagunga, kijiji kiko kwenye kipande chembamba cha ufukwe wa Ziwa Tanganyika, nyuma mlima, barabara ya gari hakuna. Makumi ya maelfu ya watu. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inaenda na kurudi, watu kama 600 kwa safari, inawashusha Kigoma, mimi nilikuwa bandarini na akina mama wenzangu tunagawa uji. Akashuka kijana wa miaka kama tisa ana kidumu cha njano cha lita tano, ndani maji ya ziwa nusu. Nesi akamwambia mwanangu mwaga hayo maji ndo yanaua watu, hataki, amekikumbatia kwa mikono miwili, nesi kampa maji safi kwenye kikombe, kanywa, kidumu hakiachii. Ikabidi nesi aondoke akahudumie wengine, akarudi baadae na kidumu kingine kilichojaa maji safi, akakiweka chini miguuni kwake akanyamaza, na kijana mwenyewe ndo akafungua kile chake akamwaga.

Kipindi kile nchi ilikuwa inawatambua kwa mkupuo, yaani ukitoka Burundi kwa wakati ule unahesabika mkimbizi bila kuhojiwa mmoja mmoja. Utaratibu huo ulisitishwa Januari 2017, baada ya hapo kila mwomba hifadhi anahojiwa peke yake na anaweza kukataliwa. Kwa hiyo rafiki yako akisema kuna wasiostahili, mwambie usaili upo kwa ajili hiyo, usaili ufanyike kwa haki, mkalimani awepo, rufaa iwepo. Kusema "wengi wao" bila kumhoji hata mmoja, hapo sheria yenu mnayosoma inakuwa haina kazi.

Jambo mama. Niko mtu wa Bukavu, saa hii niko Bujumbura kwa shemeji, tulivuka mwezi wa pili 2025. Dada yangu mkubwa yeye hakuvuka, alikuwa kambi ya Kanyaruchinya pembeni ya Goma toka 2022, vita ilipofika mwanzo wa 2025 kambi ikaisha, wakaambiwa kila mtu arudi kwao. Kwao nyumba haiko. Miye najaza makaratasi ya mkimbizi, yeye anasema yeye ni nani? — Mama wa watoto wanne

Jambo mdogo wangu, pole sana, na poleni na watoto. Dada yako ni mkimbizi wa ndani. Tofauti yenu nyie wawili ni mpaka tu, woga ni ule ule na mvua inayowanyeshea ni ile ile, lakini mbele ya sheria mpaka huo ni mkubwa mno. Wewe ukivuka, nchi nyingine imeshaahidi kukulinda na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lina kazi juu yako. Yeye bado yuko chini ya ulinzi wa serikali yake mwenyewe, na pale ambapo serikali yake haishiki tena mji, nani atamlinda. Hapo ndo penye kidonda. Watu wa namna ya dada yako Kongo ni mamilioni, wengi kuliko nyie mliovuka.

Sio kwamba hana haki. Afrika ilikuwa ya kwanza duniani kuandika mkataba wa bara zima wa wakimbizi wa ndani, ule wa Kampala wa 2009, ukaanza kufanya kazi Desemba 2012, na kabla yake mkataba wa nchi za Maziwa Makuu wa 2006 una itifaki nzima juu yao, na Kongo imo. Kote huko imeandikwa kwamba huwezi kumlazimisha mtu kurudi mahali ambapo maisha yake yako hatarini, na makundi yenye silaha nayo yamekatazwa kuwahamisha watu. Kwa hiyo aliyofanyiwa dada yako ni kosa, sio hali ya vita tu.

Kwa leo, mwambie aweke vizuri karatasi yoyote yenye jina lake, kadi ya uchaguzi, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto, hata jetoni ya mgao ya kambi ya zamani. Akiandike kijiji chake, jina la chifu, majirani wa shamba lake upande huu na huu. Siku ya kudai ardhi, karatasi hio itamsemea. Na wewe ukihojiwa hapo Burundi mtaje yeye kwenye orodha ya familia hata kama hayupo, watu wengi wanaacha ndugu wasiovuka halafu baadae kuunganishwa inakuwa kazi.

Mama eti Uganda mkimbizi anapewa ardhi na anatembea popote? Au ni matangazo? — Dereva wa lori, Mutukula

Ni kweli baba. Sheria yao ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kutembea, kufungua biashara, na kwenye makazi kama Nakivale anapewa kipande cha kulima na kujenga. Nchi imepokea zaidi ya milioni moja na nusu, ndiyo inayoongoza Afrika. Ila vipande vimezidi kuwa vidogo kadri watu wanavyoongezeka, na upande wa West Nile, kaskazini magharibi ya Uganda, ardhi ni ya koo za wenyeji, wazee ndo walioitoa, kwa hiyo na wao wanauliza yale yale ya ndugu yetu wa Kasulu. Nawaheshimu sana kwa hatua ile. Nchi inayoruhusu mtu ashike jembe imeelewa kitu ambacho sisi bado tunakizungukazunguka.

Shikamoo mama. Babu yangu alikuja kutoka Burundi 1972. Baba kazaliwa Katumba, mimi nimezaliwa Katumba, 2014 tukapewa uraia. Lakini mwaka huu nimeenda ofisi moja kufuatilia karatasi za chuo, yule wa dirishani kusikia tu natoka Katumba akasema "lete barua ya mkuu wa makazi, nyie wakimbizi." Watu nyuma yangu wakacheka. Nilitoka bila kusema neno. Mama, mpaka lini? — Binti wa Katumba

Marahaba binti yangu. Nimeisoma barua yako mara nne.

Wewe ni raia. Nianzie hapo kwa sababu yule wa dirishani hakujua au hakutaka kujua. Babu zenu walikimbia mauaji ya 1972, wakapewa mapori ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakayafyeka kwa mikono, na miaka michache baadae wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza mahindi na tumbaku kwa wengine. Mwaka 2007 serikali ikaamua kuwapa nafasi ya kuchagua, kurudi Burundi au kuomba uraia wa tajnisi. Wengi wakaomba huku. Watu kama laki moja na elfu sitini wakakubaliwa, na sijui kama kuna nchi nyingine iliyowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi hivyo kwa pamoja, mimi nikitaja mambo ya kujivunia ya nchi hii hilo nalitaja mapema.

Lakini najua na upande wa pili, maana baba yako bila shaka anaukumbuka. Mlikubaliwa 2010, vyeti mkaanza kupewa Oktoba 2014. Katikati hapo mliambiwa sharti la cheti ni kuhama, mtawanywe mikoa mingine, watu wakaacha kukarabati nyumba na kupanda miti kwa kuwa hawajui watakuwepo. Miaka minne ya kuwa sio mkimbizi sio raia. Baadae sharti likaondolewa, mkabaki mlipo, mwaka 2015 mkapiga kura. Uraia ulitolewa kwa karatasi, ila wale wa madirishani hakuna aliyewaambia vizuri, na ahadi ya nchi inaishia pale dirishani, haiishii Ikulu kwenye picha.

Sasa fanya hivi. Usirudi peke yako. Nenda na baba yako, beba cheti chake cha tajnisi, chako kama unacho, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, nakala zilizothibitishwa na wakili au mahakama, zile halisi usimwachie mtu hata kwa dakika. Barua ya mkuu wa makazi usiitafute, huitakiwi, ukiipeleka mara moja utaombwa maisha yako yote. Akikataa tena muombe akuandikie sababu kwa maandishi na jina lake, kwa upole tu, "naomba uniandikie dada ili nipeleke ninapotakiwa". Wengi hapo wanabadilika. Asipobadilika panda kwa mkuu wake, na pembeni pitia uhamiaji wa wilaya wakupe uthibitisho wa uraia wenu.

Halafu niandikie tena. Nataka kujua kama chuo umeingia, na unasomea nini.